Ma-HR wa Dar tuzungumze: barua nyingi za onyo tunazoandika chanzo chake kipo kwenye slipu ya mshahara

DadaUtumishi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko kwenye ofisi za utumishi mwaka wa kumi na nne sasa, yote hapa hapa Dar. Nilianzia kiwandani barabara ya Nyerere, nikahamia kampuni ya usambazaji Ubungo, na sasa niko mahali pengine. Wiki iliyopita kwenye kikao cha bajeti mkurugenzi alisema mbele ya wote: "Mambo ya mishahara tuwaachie wahasibu, HR ashughulike na watu." Wakuu wa idara wakaitikia kwa vichwa. Nimelala na kauli hiyo siku tano, leo naiandika.

Nianze na kisa cha kiwandani, miaka ile naanza kazi.

Kulikuwa na chakula cha mchana. Siku nyingi wali maharage, Jumatano ugali na dagaa, Ijumaa pilau. Saa sita na nusu sufuria zinafunuliwa, zamu nzima inakaa kwenye mabenchi chini ya mwembe nyuma ya ghala. Ikaja hesabu ya kubana matumizi. Chakula kikafutwa, kila mtu akawekewa posho ya shilingi 1,500 kwa siku. Kwenye makaratasi kampuni iliokoa fedha nzuri. Mimi sikuulizwa, nililetewa tangazo nibandike.

Watu wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa mama lishe. Sahani pale ilikuwa 2,000. Mnaoijua barabara ile mnajua kuivuka saa sita mchana kulivyo: unasimama, unasubiri malori ya bandarini yapite, unakimbia hadi katikati, unasimama tena. Ukifika kuna foleni. Mapumziko ni saa moja. Wakaanza kurudi dakika kumi baada ya kengele, wengine robo saa. Wasimamizi wakaniletea majina, nami nikaandika barua za onyo. Ndani ya miezi mitatu niliandika kumi na saba.

Barua mojawapo ilikwenda kwa fundi wa mashine aliyekuwa na miaka tisa kazini na faili safi kabisa. Aliisoma taratibu, akaikunja mara mbili, akaniambia: "Dada, ya kuchelewa nimeielewa. Ya kunitolea chakula changu, nyie nani kawaandikia?" Nikamwangalia tu.

Kuna waliokata shauri la kutovuka kabisa. Chai na chapati asubuhi, basi, ile 1,500 iende nyumbani kwa watoto. Kufika saa tisa alasiri mikono imelegea. Kijana mmoja wa zamu hiyo alibanwa kidole na mkanda wa mashine. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa njaa. Ninachojua ni kwamba alikuwa hajala tangu saa moja asubuhi, kwa sababu mimi ndiye niliyejaza naye fomu ya ajali.

Sasa angalieni mezani kwangu palikuwa na nini mwezi ule: faili la nidhamu, ripoti ya ajali, barua mbili za kuacha kazi. Ukiniuliza wakati ule ningekuambia ni matatizo manne. Lilikuwa moja. Ni uamuzi wa malipo uliopitishwa kwenye chumba ambacho HR hakuwemo, ukarudi kwangu umevaa nguo tofauti.

Chuoni malipo yanafundishwa kama mada yake, baada ya kuajiri, mafunzo na tathmini. Kazini yamo ndani ya zote. Ukimpeleka mtu kujifunza mashine mpya akarudi kwenye mshahara ule ule, umemfundishia kiwanda cha jirani. Ukimpa alama za juu kwenye tathmini na Januari ikapita kimya, mwakani ataijaza fomu ile kwa dakika mbili akiwa amesimama.

Na kazi ya HR kwenye malipo inaanza kabla fedha haijatajwa. Kwanza ujue kazi yenyewe ni ipi. Unakwenda kukaa na mtu, unaangalia anachofanya kutwa, unaandika. Halafu unazipima kazi zenyewe, bila kuangalia nani anazifanya: zinataka ujuzi gani, zinataka nguvu na umakini kiasi gani, zimebeba wajibu gani, zinafanyika kwenye mazingira gani. Hapo ndipo unapata ngazi, na ngazi ndiyo inawekewa kiasi. Tulipofanya hivyo Ubungo, msafisha matangi ya mafuta ya kula, aliyekuwa chini kabisa kwenye orodha, alipanda ngazi mbili. Anaingia ndani ya tangi kwa ngazi ya kamba, hewa nzito, anatoka nguo zimelowa jasho. Miaka yote alikuwa analipwa sawa na anayefagia uani, kwa sababu wote wawili waliandikwa "usafi" na hakuna aliyewahi kwenda kuangalia.

Hapo hapo Ubungo nilikuta wasichana wawili wa kupokea oda. Meza zinatazamana, kazi ile ile, simu zile zile. Mmoja 480,000, mwingine 620,000. Sababu? Wa pili aliajiriwa mwezi ambao bosi alikuwa amebanwa, akataja anachotaka akapewa. Wa kwanza alikubali alichoambiwa. Siku moja slipu ya mwenzake ikasahaulika kwenye printa. Hakugomba na mtu. Aliacha tu kupokea simu za wateja wakati wa chakula, na saa kumi na moja kamili anachukua mkoba. Baada ya miezi sita aliondoka, na tuliyemleta kwenye kiti chake tulimlipa 650,000. John Stacey Adams, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1963: mtu huangalia anachotoa na anachopata, kisha analinganisha na mwenzake. Akiona mizani imelala upande mmoja, ataisawazisha mwenyewe kwa kupunguza anachotoa. Yule dada alifanya hivyo hasa.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi, la kugawa mshahara.

Mtu anaambiwa kwenye usaili, "Tutakupa 780,000." Anafurahi. Mkataba unakuja umeandikwa msingi 390,000, posho ya nyumba, posho ya usafiri na posho ya mawasiliano jumla 390,000. Anasema kwani shida iko wapi, si jumla ni ile ile? Shida iko hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inapotaja mshahara wa msingi, posho haimo. Ovataimu, nyongeza ya usiku, kiinua mgongo, vyote vinapigwa kwenye msingi.

Piga hesabu na mimi. Wiki ya kawaida ni saa 45. Mshahara wa mwezi unaugawa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45, ambayo ni sawa na kugawa kwa 195. Mwenye msingi wa 390,000 saa yake ni 2,000, na ovataimu, ambayo ni mara moja na nusu, ni 3,000. Kama 780,000 yote ingekuwa msingi, saa ni 4,000 na ovataimu 6,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, ukomo miaka kumi. Kwa mtu wa siku sita kwa wiki, aliyepunguzwa kazi baada ya miaka minne, ni siku 28. Wa kwanza siku yake ni 15,000, anatoka na 420,000. Wa pili angetoka na 840,000. Tofauti hiyo haikutajwa kwenye usaili, na kwa bahati mbaya mara nyingi anayekaa mezani akimkabidhi mkataba ni mimi na wewe.

Sisemi posho ni dhambi. Nasema mtu aelezwe kabla ya kusaini, na anayejua kueleza ni HR.

Karibuni tujadiliane.

Mkazi wa Mbagala

Naweka kambi hapa. Nimetoa mkataba wangu kabatini sasa hivi. Msingi 300,000, posho 350,000. Miaka mitatu nilikuwa nasema nalipwa laki sita na nusu.

MhasibuMezani

Dada, uzi mzuri, ila umetuacha sisi wahasibu tumesimama kama watuhumiwa. Naomba nami niseme.

Mhasibu hapangi mshahara wa mtu. Mimi napokea. Napokea lini? Tarehe 23 jioni, mishahara inatakiwa itoke tarehe 25. Linakuja karatasi: fulani kapandishwa, fulani kaacha kazi tangu tarehe 4 (na bado namlipa), fulani ana makato ya mkopo wa elimu ya juu asilimia 15 ya msingi ambayo sikuambiwa. Nafanya usiku. Mwezi ukiisha mtu anakuja dirishani kwangu amekasirika, ananiuliza kwa nini mwenzake kapata zaidi. Nitajuaje? Sina faili lake, sina tathmini yake.

Mkurugenzi wako anaposema tuachiwe mishahara, anadhani anatuheshimu. Kwa kweli anatubebesha maswali ambayo majibu yake yapo kwa HR. Mimi niachie PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), mfuko wa fidia, tarehe za kupeleka. Hayo nayajua usingizini. Lakini nani alipwe kiasi gani, na kwa nini, hilo mtu aliyekwenda kumwona yule jamaa ndani ya tangi ndiye alijibu.

Ofisini kwetu tulikubaliana hivi: mabadiliko yote mwisho tarehe 15, HR anasaini, mimi nasaini, na kabla ya kulipa tunakaa pamoja saa moja kupitia orodha jina kwa jina. Mwezi wa kwanza tulikuta watu watatu wasiokuwepo kazini.

DadaUtumishi

MhasibuMezani, umenisahihisha na nimepokea. Kosa ni la aliyewaachia mzigo. Hiyo ya kupitia orodha jina kwa jina naichukua, kesho naipeleka.

MamaDuka

Wapendwa, mimi si msomi wa mambo haya. Nina duka la vifaa vya umeme Gerezani, nina vijana sita. Nikisoma nyuzi kama hizi naona zinaandikwa kwa kampuni kubwa. Mimi ndiye mkurugenzi, mhasibu na HR, na saa nyingine mpiga deki. Nawalipa kwa wiki, mkononi, kila mtu kwa alivyokuja na tulivyoelewana. Wengine ni watoto wa ndugu. Kima cha chini kikipanda nasikia kwenye redio kama nyie. Nikianza ngazi na pointi nitafunga duka. Nisaidieni nianzie wapi, maana vijana wananiondokea, na kila anayeondoka anaondoka na wateja.

BosiMdogo

Mama, shikamoo. Usiogope, nitakuja kwako.

Ila kwanza nipingane kidogo na mleta uzi. Nasimamia timu ya mauzo Mikocheni. Kwa uzoefu wangu fedha imepewa sifa isiyo yake. Mwaka juzi tuliweka bonasi kwa kila anayevuka lengo la mauzo. Mauzo yalipanda miezi miwili, tukashangilia. Mwezi wa nne tukaanza kuona mzigo unarudi. Vijana walikuwa wanawasukumia wenye maduka bidhaa wasizoziweza, wanapiga hesabu ya bonasi, mteja anashindwa kulipa. Madeni yakajaa. Na waliokuwa wanasaidiana kugawana njia za wateja wakaanza kufichana namba za simu.

Tulirudisha amani kwa kumbadilisha msimamizi, na bonasi ikawa inapigwa kwenye fedha iliyokusanywa, nusu ya mtu binafsi na nusu ya timu. Lakini kilichowatuliza watu zaidi ni yule msimamizi mpya. Anasikiliza, anakwenda nao njiani. Kwa hiyo nasema mshahara mzuri chini ya bosi mbaya haumshiki mtu.

DadaUtumishi

Mkuu, hatupingani. Frederick Herzberg na wenzake walilitoa hilo mwaka 1959: mshahara ukiwa mbovu unaumiza, ukiwa mzuri unaondoa maumivu, ila moyo wa kazi unatoka kwenye kazi yenyewe, kutambuliwa, kukua. Kuna wanaompinga, lakini kisa chako kinakaa humo.

Ila kiangalie tena. Bonasi ile aliipanga nani? Nadhani ni idara ya mauzo na fedha. Kama HR angekuwepo, angeuliza swali moja: tukilipa kwa hiki, watu wataacha kufanya nini? Watu hufuata kinacholipwa. Mlilipa kwa mzigo uliotoka ghalani, ukatoka. Mlipolipa kwa fedha iliyoingia, ikaingia.

Mama, sasa nije kwako. Nakupa hesabu ya kijana mmoja, tuseme mmekubaliana 400,000 kwa mwezi. Yeye anakatwa NSSF asilimia 10, yaani 40,000. Inabaki 360,000 ya kutozwa kodi. 270,000 za mwanzo hazina kodi, 90,000 iliyobaki inatozwa asilimia 8, ni 7,200. Mkononi anapata 352,800. Wewe juu ya ile 400,000 unaongeza 40,000 ya NSSF upande wako, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni 2,000. Tozo ya kuendeleza ujuzi ya asilimia 3.5 inawahusu wenye wafanyakazi kumi na kuendelea, wewe haijakufikia. Kwa hiyo kijana wa 400,000 anakugharimu 442,000. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye hesabu za duka.

Ile 2,000 isikuume. Kijana akianguka kwenye ngazi akishusha nyaya, mfuko ndio unaobeba matibabu na fidia. Bila hivyo ni wewe na familia yake.

Ngazi na pointi achana nazo. Chukua daftari. Kwa kila kijana andika ukurasa mmoja, anafanya nini kuanzia kufungua hadi kufunga. Andika kwa siku tatu, usitegemee kumbukumbu. Halafu ukurasa wa pili andika unampa nini: fedha, nauli, chakula, simu, ile ya sikukuu. Weka kurasa sita mezani uzisome kwa pamoja. Kisha urudi hapa.

ZamuYaUsiku

Dada naomba msaada. Niko kiwanda kimoja Vingunguti. Naingia saa mbili usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Msingi wangu ni 390,000 kama mfano wako. Slipu inaonyesha mshahara na makato tu. Hakuna mstari wa usiku, hakuna ovataimu. Nikiuliza naambiwa "kwako ndiyo zamu yenyewe". Ni sawa?

DadaUtumishi

Mdogo wangu, si sawa, tuende taratibu.

Saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi. Ukitoa saa moja ya mapumziko, kama unapewa kweli, zinabaki tisa. Mara siku sita ni 54. Wiki ya kawaida ni 45. Una saa tisa za ovataimu kila wiki, na kwa wiki nne ni 36. Ukomo wa sheria ni saa 50 kwa wiki nne, kwa hiyo hamjavuka, ila lazima zilipwe: 3,000 kwa saa, ni 27,000 kwa wiki. Hapo nimechukulia kwamba mapumziko unayapata. Kama hupati, saa zako ni zaidi.

Nyongeza ya usiku ni angalau asilimia 5 ya msingi kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Saa yako ni 2,000, kwa hiyo ni shilingi 100 kila saa. Kwa saa za ovataimu za usiku, asilimia 5 inapigwa kwenye kiwango cha ovataimu, inakuwa 150. Inaonekana ndogo. Saa 45 kwa wiki ni 4,500, na tisa za juu ni 1,350. Zidisha kwa mwaka uone.

Cha kufanya: andika daftari la saa zako, tarehe, kuingia, kutoka. Tunza slipu zote. Ongea na tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo. Andika barua ya heshima kwa HR wako ukiuliza, baki na nakala. Ikishindikana ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini usikae nalo moyoni muda mrefu: madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, ya kuachishwa ni 30. Wengi wanakwenda na haki yao mkononi, muda umepita.

Na kama HR wa kiwanda hicho anasoma hapa: ndugu yangu, mstari wa usiku kwenye slipu ni kazi yako kuudai kabla kijana hajaudai.

Mstaafu62

Nimesoma kwa utulivu. Nimestaafu serikalini. Sisi mishahara yetu ilikuwa midogo, hilo halina ubishi, lakini kila mtu alijua mwenzake yuko ngazi gani. Ukisema TGS D watu wanajua. Hakuna slipu iliyosahaulika kwenye printa ikavunja urafiki. Tulinung'unikia serikali, hatukununiana sisi kwa sisi.

Nina swali kwa mleta uzi. Kima cha chini serikalini kimepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na sekta binafsi wastani umepanda kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 2026. Vizuri. Mjukuu wangu ni msimamizi wa zamu sehemu. Anasema vijana anaowasimamia wamepandishwa, yeye yuko pale pale, sasa wanapishana kidogo sana. Hili linatibiwa vipi?

DadaUtumishi

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe.

Amri ya mishahara inainua sakafu. Haisemi chochote kuhusu paa wala ngazi za katikati, hilo limeachwa kwa mwajiri. Akishughulika na sakafu tu, ngazi zinabanana. Msimamizi aliyekuwa anamzidi kijana wake 120,000 anabaki na 40,000, na wajibu ni ule ule: kuripoti, kugombana, kubaki mashine ikiharibika. Miezi michache mbele utamsikia anaomba kurudi kuwa fundi wa kawaida.

Dawa ni kuamua mapema nafasi kati ya ngazi na ngazi iwe kiasi gani kwa asilimia, na amri mpya ikija unasogeza ngazi zote, hata kama za juu zinasogea kidogo kidogo kwa awamu. Kampuni haina fedha yote kwa mara moja? Sema. Waite wasimamizi, waonyeshe ratiba, weka tarehe. Nimeona watu wakivumilia mwaka mzima kwa sababu tarehe iliandikwa na ikatekelezwa. Na mjukuu aangalie kiwango cha sekta yake hasa, maana kila sekta ina chake, ule ni wastani.

Kuhusu uwazi nakubaliana nawe. Si lazima kila mtu ajue shilingi ya mwenzake. Ajue ngazi yake, mwanzo na mwisho wa ngazi hiyo, na nini kinamtoa hapo kumpeleka juu.

Mwanachuo

Dada, nasoma utumishi mwaka wa pili. Darasani tumesoma kuhusu Henry Ford, Januari 1914, dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya waliyokuwa wakilipwa. Mwalimu alisema tatizo lilikuwa watu kuacha kazi: mwaka 1913 alihitaji kuajiri watu wengi mno ili tu nafasi zibaki zimejaa. Nikakumbuka uzi wako kwa sababu nusu ya ile dola 5 haikuwa mshahara. Ilikuwa mgawo wa faida, na kuupata kulikuwa na masharti, hadi maofisa wa kampuni kwenda majumbani kuangalia mtu anaishi vipi. Kwa hiyo msingi mdogo na juu yake kitu kinachoweza kuondolewa ni mambo ya zamani?

DadaUtumishi

Ni ya zamani, na ndiyo maana nataka muyasome mapema. Ukifika kazini, siku ya kwanza omba muundo wa mishahara. Ukiambiwa haupo, umeshajua kazi yako ya miaka miwili ijayo.

MamaDuka

Wapendwa nimerudi. Nimechelewa, nilikuwa naandika.

Siku tatu nimekaa na daftari. Kijana wangu wa kwanza kufika, mtoto wa shangazi yake mume wangu, nilikuwa namlipa kidogo kuliko wote kwa sababu anakula na kulala kwangu. Nimeandika kazi zake ukurasa haukutosha. Anashika funguo. Anafungua saa moja kasoro robo. Anapokea mzigo unaotoka bandarini, anahesabu, juzi alikamata katoni mbili zilizopungua nikiwa sijui. Mafundi wakija wanamuuliza yeye waya gani unafaa. Ninayemlipa zaidi ya wote anakaa kaunta, ni mwepesi wa maneno, na kwa kweli nilimpandishia siku aliyosema anaondoka.

Nikaweka kurasa sita chini kama ulivyosema. Sikulala vizuri.

Leo asubuhi nimemwita yule mtoto, nikamsomea ukurasa wake. Akanyamaza. Nikamwambia kuanzia mwezi huu analipwa kama mtunza stoo, na chakula cha nyumbani ni cha undugu, sikihesabu. Akaniuliza, "Na NSSF mama, mimi nami?" Kumbe anaijua. Sasa naomba mnielekeze kujisajili ninakwenda na nini.

MhasibuMezani

Mama, cheti cha TIN, leseni ya biashara na vitambulisho vya NIDA vya vijana wote sita uwe navyo mkononi. Mimi niko Kariakoo kila Alhamisi. Nitafute inbox nikusaidie kujaza fomu, sitaki malipo.